Visu na mapanga ya kale ya jikoni: namna ya kuvitafuta Moshi na Arusha bila kupigwa

Kabla hujatoa hela yako kununua kisu chochote cha zamani, anza na ndizi mbichi. Sitanii aisee. Chukua ndizi za mtori, menya tatu nne kwa kisu cha zamani cha nyumbani kwenu, afu menya nyingine kwa hiki cha duka chenye mpini wa plastiki, viweke pembeni dakika kumi bila kuosha. Cha duka utakikuta kinang'aa vilevile, utomvu umegandia juu tu. Kile cha zamani kitakuwa kimeshika weusi kama kimepakwa wino. Huo weusi ndo habari yenyewe, maana watu wengi wanaoanza kukusanya visu vya kale wakiona weusi wanadhani ni uchafu, wanasugua mpaka kisu kinang'aa kama kijiko cha hotelini, mwisho wa siku wamebaki na chuma kipya chenye umbo la zamani.

Kinachotokea ni hivi. Utomvu wa ndizi una tanini, kama ile ya kwenye chai ya rangi, na tanini ikikutana na chuma cha kaboni, yaani chuma kigumu cha kawaida kisichochanganywa na kromiamu, inajenga ngozi nyembamba nyeusi ambayo inasaidia kuzuia kutu nyekundu isile ndani. Bibi yako amemenya ndizi miaka hamsini kwaiyo kisu chake kina ngozi juu ya ngozi. Stenlesi haifanyi hivo sababu ya kromiamu. Na stenlesi ni kitu cha juzi tu, Harry Brearley aliipata kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kwaiyo mtu akikushikia kisu cha stenlesi akakwambia kiliachwa huku na yule Mjerumani Hans Meyer aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889, mpe pole uendelee na safari yako.

Mimi nimejifunza haya kwa hasara. Bibi mzaa mama, wa kule Kilema uchagani, alikuwa na kisu kimoja cheusi tii, kimeliwa katikati mpaka kimekuwa kama mwezi mchanga, mpini umekaa kama umefinyangwa kwa vidole vyake. Nikiwa na umri wa kujiona najua kila kitu nikaona nimfanyie suprise, nikakichukua kimyakimya nikakipeleka kwa fundi mmoja mjini mwenye grenda. Dakika mbili cheche zinaruka, kikarudi kinang'aa unajiona meno, na pembeni ya makali kuna rangi ya bluu na zambarau kama dizeli iliyomwagika kwenye maji. Nikadhani ni urembo. Kumbe rangi hiyo maana yake chuma kimepata moto wa karibu nyuzi 300, na mhunzi aliyekifua alikipangia ugumu wake kwa moto mdogo kuliko huo, kwaiyo ule ugumu wote umekwenda na cheche. Tangu siku hiyo kikikata nyanya mbili kimeshakuwa butu. Bibi alikigeuza mara mbili mkononi akasema "hiki si changu", akaingia ndani kuchukua kingine. Hakuniuliza kitu na mimi sikueleza kitu.

Haya, tuanze na wapi pa kutafuta.

Msimu mkubwa kwetu ni Desemba. Kila mtu anajua mchaga anapanda nyumbani Desemba, na kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la familia, kinachinja, sasa siku ya kuchinja ndo visu vinatoka darini. Vile vya kawaida vya jikoni vinaendelea na kazi zake ila kuna kile cha kuchunia ngozi, kuna panga la kugawia mifupa, kuna kishoka, na mara nyingi vinashikwa na mzee mmoja tu asiyependa mtu mwingine aviguse. Wewe siku hiyo usinunue kitu. Kaa karibu, shika mguu wa mbuzi, beba maji, angalia kisu kinavoingia kwenye kiungo bila kulazimishwa, halafu jioni watu wakiwa na mbege (pombe ya ndizi) na kisusio (supu ya damu) ndo unauliza taratibu, "babu, kile kisu alifua nani?" Utapata story ambayo hakuna muuzaji yeyote mjini atakupa. Kununua kunakuja baadaye, Januari au hata mwaka unaofuata, na mara nyingi hununui, unapewa.

Na jamani kuna namna ya kuomba. Usifike kwa bibi wa watu ukasema nataka hicho kisu shilingi ngapi. Hicho ndo kinamenya ndizi zake, ukikichukua leo kesho anamenya na nini? Fika na sukari na majani ya chai kama mtu mwenye adabu, shikamoo kwanza, kaa, kunywa ulichopewa, uliza habari za watoto wote mpaka yule wa Dar asiyepiga simu. Ukija mara ya pili njoo na kisu kipya kizuri, sio cha elfu moja, kitu ambacho atakifurahia. Akikwambia hapana ni hapana, na wala usimpitie mjukuu wake kwa mlango wa nyuma, maana kuna vijana wako tayari kukuletea kisu cha bibi yao kwa hela ya vocha. Vitu vya namna hiyo mimi sinunui hata kama roho inauma.

Mjini sehemu yangu ya kwanza ni kwa wanunuzi wa skrepa. Watoto wa nyumba wanakusanya vyuma chakavu wanauza kwa kilo, na humo ndani pamoja na rimu za baiskeli na masufuria yaliyotoboka kuna mapanga ya bucha ya miaka na miaka yamepoteza mpini tu. Ongea na jamaa mmoja mwenye mzani, mwachie namba, mwambie chochote chenye makali akitenge, mlipe mara mbili ya bei ya kilo na atakukumbuka. Sehemu ya pili ni mitumba ya vyombo, Memorial na Kiboriloni kwa Moshi, na Tengeru siku ya Jumamosi kwa upande wa Arusha, ila nenda mapema na usionyeshe macho. Ukishika kisu kimoja ukakigeuza mara tatu bei imeshapanda, shika na kikaango na chujio, uliza bei ya vyote.

Ya tatu watu wanaisahau, ni mabucha ya zamani. Siku hizi mabucha mengi yameambiwa yaachane na gogo na shoka watumie msumeno wa umeme, kwaiyo lile panga pana zito lililokuwa linapasua mifupa limewekwa juu ya friji linaliwa na kutu. Hilo ndo panga la bucha ninalolisema hapa, fupi, pana, nene, lenye tundu kwenye kona ya juu la kutundikia. Mwenye bucha akikuona umesimama unalitazama anaweza kukupa kwa bei ya kilo ya nyama.

Maduka ya vinyago na vitu vya watalii Arusha mjini nimeyaweka mwisho makusudi. Sio wote wabaya, ila ukiwa unaanza utapigwa.

Sasa umekishika mkononi. Unaangalia nini?

Anza na mgongo wa kisu, usianze na makali. Kishike ukitazame kwa juu kama unavotazama ubao kama umepinda. Kisu kilichofuliwa kwa nyundo kinakuwa kinene karibu na mpini na kinapungua taratibu kuelekea kwenye ncha, na huo mpungufu hauko sawasawa, kuna sehemu nyundo ilipiga zaidi. Kisu cha kiwandani cha bei rahisi kimekatwa kwenye bati la chuma kwaiyo unene ni uleule mwanzo mwisho. Hiki ndo kipimo nakiamini kuliko vyote na hakihitaji kifaa chochote, macho tu.

Halafu gonga. Ning'iniza panga kwenye kidole kwa lile tundu, au funga uzi, ligonge kidogo na ukucha au sarafu. Lililo zima litaimba, sauti inakaa. Lenye ufa linatoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Ufa mwingi unaanzia kwenye makali unapanda juu, au pale mkia wa chuma unapoingia kwenye mpini, na kwenye mapanga ya bucha angalia mgongo kama umepigwapigwa na nyundo mpaka umetawanyika kama uyoga, maana kuna watu wakishindwa na mfupa wanaweka panga wanaligonga kwa nyundo juu. Kovu la namna hiyo kama halina ufa mimi nalipenda, linasema lilifanya kazi. Lenye ufa liache, au linunue la kutundika ukutani tu, usije ukalipiga kwenye mfupa kipande kikarukia jicho la mtu.

Sumaku haikusaidii kama unavofikiri. Watu wanatembea na sumaku wanasema ikishika sio stenlesi, wakati stenlesi nyingi za visu nazo zinashikwa na sumaku vizuri tu. Beba ndimu badala yake. Tone moja kwenye sehemu ya chuma iliyo wazi, subiri dakika chache, futa. Ikiacha doa la kijivu ni chuma cha kaboni, isipoacha kitu ni stenlesi. Omba ruhusa kwanza lakini, sio unafika unakamulia watu ndimu kwenye bidhaa zao.

Tupa ndogo, ile ya meno ya kunolea, nayo ni rafiki. Ipitishe taratibu kwenye makali sehemu isiyoonekana. Ikiteleza kama iko juu ya kioo, chuma ni kigumu, kilichovywa vizuri kikiwa cha moto ili kipate ugumu. Ikiuma kirahisi kama inakula madini laini ya risasi, basi ama kisu hakikupewa ugumu ama kimepitia moto kama cha bibi yangu.

Baada ya hapo unajiuliza kilitengenezwa kutoka kwenye nini, na hapa ndo raha ilipo kwa sisi wa huku. Zamani kabisa wahunzi wa uchagani walikuwa wanapata chuma kutoka Upare, Wapare ndo walikuwa mabingwa wa kuyeyusha, na kule Ugweno ukoo wa Washana umebaki na jina la uhunzi mpaka leo. Mamba, pale jirani na Marangu, kuna wahunzi mpaka sasa wanafua kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi na mkaa, na ukienda na heshima zako watakuonyesha. Ila usitegemee kukutana na kisu cha chuma cha Upare kwenye meza ya mitumba. Vingi tutakavyokutana navyo vimefuliwa kutoka kwenye vyuma vya kizungu vilivyochoka, na kila chuma kina alama yake.

Springi ya gari ndo chuma kizuri kuliko vyote mtaani. Ina kaboni ya kutosha, inapokea ugumu, haivunjiki kirahisi. Mara nyingine utaona bado kisu kina mkunjo kidogo wa springi au alama ya nusu tundu ambapo bolti ya katikati ilipita. Sasa tumia akili, Land Rover ya kwanza imetoka mwaka 1948, mtu akikuuzia kisu cha springi ya Land Rover akasema kina miaka 150 ujue hapo kuna hesabu imekataa. Kisu kilichotokana na tupa nacho ni kitamu, ukikitega kwenye mwanga unaona meno ya tupa yamebaki kama kivuli karibu na mgongo, makali yake yanakaa sana ila ukikiangusha sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Panga lililokatwa kupata kisu utalijua kwa wembamba, na ukiwa na bahati chapa imebaki, kuna zenye picha ya mamba, za Uingereza, na kuna za UFI, kile kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo. Cha UFI hakina thamani kwa mzungu ila kwangu ni historia kabisa, nina viwili na siviuzi. Nondo na msumari wa reli achana navyo. Msumari wa reli unatengeneza kisu kizuri sana kwa macho, kina kichwa cha msumari nyuma kama mapambo, lakini kaboni yake ni ndogo na makali hayakai.

Chapa za nje ni somo refu nitalipitia haraka. Ukiona neno Sheffield ni Uingereza, Solingen ni Ujerumani. Joseph Rodgers wana nyota na msalaba wenye ncha nane, Zwilling wa Solingen wana mapacha wawili na alama yao iliandikishwa mwaka 1731. Ikiandikwa "Cast Steel" usidhani ni chuma cha kumimina kama cha jiko la mkaa, ni kile chuma cha kuyeyushwa kwenye chungu alichoanzisha Benjamin Huntsman kule Sheffield miaka ya 1740, na visu vyenye maandishi hayo mara nyingi ni vya karne ya 19 na ni vizuri balaa. Waingereza walitunga sheria mwaka 1887 bidhaa za nje zionyeshe zinatoka nchi gani, ndo maana maneno "Made in Germany" yakaanza kuonekana kila mahali baada ya hapo. Ikiandikwa "West Germany" hicho ni cha kati ya 1949 na 1990, kimempita mdogo wangu kidogo tu. Na yale mapana ya kichina yenye umbo la mstatili ambayo watu wanayaita panga la bucha, geuza utazame unene wake, mengi ni membamba ya kukatia mboga, ukiyapiga kwenye mfupa wa paja yanatoka mapengo.

Uzee wa kubandika sasa. Kuna watu wanafua kisu wiki hii, wanakimwagia maji ya betri au chumvi, wanakifukia wiki mbili, wanamalizia na rangi ya viatu kwenye mpini, tayari ni cha babu wa babu. Utakamata kwa mambo mawili. Kutu ya kubandika ni ya rangi ya chungwa na imeenea sawasawa kila mahali hadi kwenye pembe ambazo mkono haufiki, wakati kutu ya miaka imechanganyika, kuna weusi, kuna kahawia, kuna sehemu inang'aa pale vidole vinapopita. La pili ni kazi. Kisu kilichonolewa miaka arobaini kwenye jiwe la mto kimeliwa zaidi sehemu moja, na mpini una shimo la kidole gumba. Mtu akikunja uso kukwambia ni cha kale halafu makali yamenyooka kama rula na mpini hauna kovu, kilikuwa kinafanya nini miaka yote hiyo, kinasali?

Ukishanunua umefika nyumbani, usikimbilie kusafisha. Piga picha kwanza pande zote mbili.

Utaratibu wangu ni mfupi. Kwanza maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, brashi laini, kausha saa hiyohiyo kwa kitambaa halafu kiweke juani dakika chache. Mpini wa mti usiuloweke kamwe, mti unavimba afu ukikauka unalegea. Baada ya hapo paka mafuta ya taa kwenye sehemu zenye kutu nyekundu tu, acha usiku mzima, asubuhi sugua kwa stilwulu laini kabisa au kipande cha gazeti kilicholowa mafuta, ukienda kwa urefu wa kisu sio kuzunguka. Kutu nyekundu inatoka na maji ya kahawia, weusi unabaki. Ukiona weusi unaanza kuondoka punguza mkono. Kutu iliyojaa kama upele unaweza kuikwangua kwa sarafu ya shaba au kipande cha mfupa, vinakwangua kutu vinaacha chuma.

Siki mimi naitumia kwa panga lililokufa kabisa, lile la skrepa ambalo huoni chuma. Inakula kutu ila inakula na weusi pia, na ukisahau inakula chuma chenyewe. Saa mbili tatu, toa, suuza, paka maji yenye magadi kuua ile asidi, kausha.

Kwa mwenye moyo kuna njia ya umeme. Ndoo ya plastiki, maji, magadi vijiko kadhaa, chaja ya betri ya gari. Waya wa hasi unaenda kwenye panga, wa chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida, visigusane, washa, utaona mapovu, kesho yake kutu inafutika kama tope. Fanyia nje kwenye hewa maana yale mapovu kwenye panga ni haidrojeni, inalipuka, na usiwahi kutumia stenlesi kwenye upande wa chanya kwani inatoa sumu ya kromiamu kwenye maji. Panga litatoka la kijivu lisilo na uso. Hapo unarudi kwenye ndizi. Lifanyie kazi ya kumenya ndizi mbichi wiki mbili tatu, futa tu bila kusugua, litaanza kuvaa tena. Ukiwa na haraka chai ya rangi nzito iliyopoa nayo inafanya, lakini ya ndizi naiona inakaa vizuri zaidi, au labda ni ushabiki wangu wa nyumbani.

Mpini ukiwa umelegea usikimbilie kuubadilisha. Visu vingi vya wahunzi wetu mkia ulipashwa moto ukachomekwa ukiwa mwekundu, ukajichomea shimo lake wenyewe ndani ya mti. Ukilegea unaweza kuutoa, ukajaza shimo kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na majivu laini, ukarudisha. Mti wenyewe upake mafuta kidogo. Kama hauna namna na ni lazima mpini mpya, tafuta mringaringa mkavu au mzeituni wa pori, na ule wa zamani usiutupe, ufunge na uzi pamoja na kisu.

Kunoa, haraka tu kwa sababu kila mtu ana imani yake: jiwe na maji, sio grenda, nafikiri hapo tumeelewana. Kisu cha jikoni kilaze karibu kabisa na jiwe, panga la mifupa liinue zaidi ili makali yawe na bega la kubeba kishindo, ukilinoa jembamba kama wembe litakatika mapengo kwenye mfupa wa kwanza. Na yale mapengo madogo ya zamani usijaribu kuyamaliza yote siku moja, utakula nusu ya panga.

Kutunza huku kwetu adui ni masika. Machi hadi Mei ukiacha kisu kwenye droo kikavu unakikuta na madoa. Vile ninavyovitumia jikoni napaka mafuta ya nazi kidogo, au yale mafuta ya maji yasiyo na harufu ya duka la dawa, likwidi parafini (sio mafuta ya taa, usije ukaua watu). Vile vya kutazama tu napaka mafuta ya cherehani. Usihifadhi kisu ndani ya ala ya ngozi, inapendeza ila ngozi inakaa na unyevu na chumvi na kutu inaanzia humo humo, tundika ala pembeni na kisu pembeni. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu vipya usivitupe, weka kwenye boksi la visu.

Kuna mawili ya kisheria ambayo lazima niyaseme. Ukikutana na kisu cha kizungu chenye mpini mweupe, angalia kwa makini kwenye mwanga. Mfupa wa ng'ombe una vidoti na vistari vidogo vya giza kama vumbi limeingia. Pembe ya ndovu haina hivyo, kwenye kichwa cha mpini ina mistari myembamba inayopishana kama wavu. Ukiona wavu rudisha kisu mezani uondoke, hata kama kina miaka mia na muuzaji anaapa, maana pembe ni nyara ya serikali na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haitakuuliza ulikuwa unakusanya visu au la. La pili, mtalii au ndugu wa ulaya akitaka umtumie kisu cha kienyeji cha zamani, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, vitu vya kale havitoki nchini bila kibali, kwaiyo aende Idara ya Mambo ya Kale kwanza. Na kwenye daladala funga panga lako kwenye gunia na kamba, ukipanda Kiboriloni na panga la bucha mkononi konda hatakuelewa na polisi wa njiani ndo kabisa.

Cha mwisho nunua daftari. Kila kisu kipe ukurasa: umekipata wapi, siku gani, kwa nani, kimefuliwa kutoka kwenye chuma gani, alikifua nani kama anajulikana, kilikuwa kinakata nini, umekifanyia nini. Andika siku hiyohiyo, ukisema utakumbuka hutakumbuka. Langu lina kurasa 41 zilizojaa. Ukurasa wa kwanza ni wa kile cha Kilema, na pale kwenye jina la mhunzi nimeacha wazi, maana bibi alikuwa hai miaka sita baada ya ile siku ya grenda na sikuwahi kupata uso wa kumuuliza.